Ahadi ya Nyimbo Kumi

Jumamosi ile, saa sita mchana, Mensima alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya duka la mama yake akitafuta mkasi, simu ilipoanza kutetemeka mfukoni ikakataa kunyamaza.

Hakupokea. Mteja alikuwa amesimama akisubiri yadi sita za kitambaa cha msiba, na mama yake, Mama Baaba, hakuwa mtu wa kumsubirisha mteja kwa ajili ya simu, hata kama binti yake ametoa albamu jana yake. Lakini simu ya Mama Baaba nayo ikalia. Kisha ya mteja. Kisha muuza shanga wa duka la pili, mwanamke ambaye soko zima la Market Circle, mjini Takoradi, lilijua hanyanyuki kwenye kigoda chake kabla ya jua kupoa, akaja mbio amevaa kiatu kimoja.

"Mensima, toka huko chini. Umeshika namba moja."

"Wimbo upi?"

"Wimbo gani, mtoto wewe. Albamu nzima."

Akamnyooshea simu. Mensima alikuwa hajathubutu kuitazama ile orodha tangu Ijumaa asubuhi. Sasa aliisoma kidole kikiwa juu ya kioo, kama mtoto anayejifunza herufi. Juu kabisa ya albamu zinazosikilizwa zaidi nchini Ghana palikuwa na picha yake, gauni la manjano, na chini yake jina: Sijachelewa. Akafungua ukurasa wa nyimbo. Zote kumi zilikuwa ndani ya ishirini za kwanza, na "Mlango wa Nyuma" ulikuwa wa kwanza. Majina aliyokuwa akiyasikia redioni akiwa bado anasuka nywele mbili yalikuwa chini ya jina lake. Akahesabu moja hadi kumi. Akarudia. Hesabu haikubadilika.

Safu nzima ya wauza vitambaa ikalipuka. Mtu aliwasha spika, wanawake wakaanza kupepea vitenge hewani, na wimbo wa Mensima ukawa unamjia kutoka pande tatu, kila upande na mstari wake. Mama Baaba peke yake hakuacha kazi. Alikata kitambaa cha msiba hadi mwisho, kikanyooka sawasawa, akakikunja, akampa mteja pole yake na chenji yake. Ndipo akakaa, akajifunika uso kwa aproni, mabega yakawa yanapanda na kushuka.

Mensima alimkumbatia, akalia naye, akacheka naye. Kisha akampigia mtu aliyetaka kumpigia tangu mwanzo. Simu ya Ato, aliyetengeneza naye albamu, iliita hadi ikakatika. Akapiga mara ya pili, na ya tatu. Alipofika ya sita, akairudisha simu mfukoni.

Miaka mitatu nyuma, kampuni moja ya muziki ya Accra ilikuwa imemchukua, ikamrekodi, ikamvalisha, na baada ya mwaka ikamwambia sauti yake nzuri lakini haina soko. Alirudi nyumbani na sanduku moja. Akafunga kanga kiunoni, akaanza kupima yadi dukani kwa mama yake, na mtu akimwuliza habari za kuimba anajibu kwamba ile ilikuwa ndoto ya usichana. Kisha akakutana na Ato Bentsil.

Ato alikuwa mpiga gitaa wa miaka thelathini na mmoja, mrefu, mpole wa maneno, aliyekodi chumba cha nyuma katika nyumba ya ukoo wa akina Mensima kule Sekondi, mji wa jirani, na kukigeuza studio. Alimsikia Mensima akiimba kwenye msiba. Wiki hiyo hiyo akaja dukani, akasimama mbele ya meza bila kununua kitu, akasema ana nyimbo mbili zisizo na mwenyewe, je, angependa kuzisikia? Zile mbili zikazaa nyimbo kumi.

Waliitengeneza albamu kwa miezi mitano, na karibu yote ilikuwa ya mvua. Kuta walizifunika kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki dukani, tabaka juu ya tabaka, lakini bati hawakuwa na la kulifanya. Mvua ikianza, maiki inazimwa. Wanakaa. Mensima anakula kenke, donge la unga wa mahindi uliochachushwa, na samaki wa kukaanga, Ato anapapasa nyuzi za gitaa taratibu, na wanaongea mambo ambayo watu hawayaongei jua likiwa linawaka. Ni katika zile saa za kungoja mvua ipite ndipo Mensima alipompenda. Hakuweza kutaja siku. Alichojua ni kwamba mawingu yakijikusanya juu ya Sekondi, watu wengine walikimbilia kuanua nguo, yeye alikuwa akifurahi.

Na Ato? Hapo ndipo palipomtesa. Mara nyingi aliinua macho kutoka kwenye karatasi ya maneno akamkuta anamtazama kwa namna ambayo haikuhitaji tafsiri. Lakini miezi mitano yote hakumgusa hata mkono. Akitaka kumpa vipokea sauti vya kichwani, anaviweka mezani, anasogea, anamwacha avichukue. Wimbo wa kumi, "Mlango wa Nyuma", Mensima aliuimba mara arobaini na moja. Aliuandika mwenyewe: mwanamke ameacha mlango wa nyuma wazi, na mwanamume anapita wa mbele kila siku, anazungumza kazi, anaaga. Alipomaliza mara ile ya mwisho, Ato alivua vipokea sauti, akatoka nje. Alimfuata, akamkuta ameupa ukuta uso, macho yamelowa. Mensima alisimama pale akingoja.

"Tumeupata," Ato alisema bila kugeuka. "Tusiuguse tena."

Basi. Ikawa ndiyo imetoka hiyo. Wiki tatu zilipita baada ya siku ile, kazi ya kusafisha sauti ikaisha, albamu ikatoka, na mdomo wa Ato ukabaki umefungwa.

Mensima alichukua teksi hadi Sekondi akiwa bado na futi ya kupimia shingoni. Dereva alikuwa amefungulia redio, na redio ilikuwa imefungulia yeye. Hakumtambua. Alilalamika njia nzima kwamba mkewe ameupiga wimbo huu tangu jana, hadi chai ya asubuhi amekunywa nao. Ulipofika kiitikio akatikisa kichwa, akasema huyo mwanamume anayeimbwa humu ni bwege kabisa, mlango uko wazi na yeye anaaga.

"Ndiko ninakokwenda," Mensima akamwambia. "Kumfikishia ujumbe wako."

Alimkuta Ato amechutama sakafuni, anakunja nyaya moja moja. Begi lilikuwa wazi kitandani, mashati manne ndani. Gitaa lilikuwa limeshafungwa kwenye mfuko wake. Alipomwona Mensima mlangoni alisimama haraka, na kwa nukta moja uso wake ulikuwa wazi, wenye furaha tupu, kama bati linapopigwa na jua baada ya mvua. Kisha akaufunga.

"Hongera," alisema. "Nimeona. Zote kumi."

"Umeona, na simu yangu hukuiona."

Ato alikunja waya mwingine. Akaeleza, macho kwenye nyaya, kwamba Lagos wamempigia. Kuna mwanamuziki mkubwa kule aliyeisikia albamu kabla haijatoka, anamtaka akamfanyie kazi kwa miezi miwili. Basi linaondoka Jumatatu alfajiri. Alikuwa amekusudia kumwandikia ujumbe.

Mensima aliegemea mlango. Furaha ya asubuhi na hasira ya mchana zilikutana kifuani mwake, hakujua acheke au amrushie ile futi.

"Ato, nikuulize kitu kimoja, halafu uende Lagos yako. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi sikupendezi. Sema tu, mimi ni mtu mzima. Sema nilikuwa naota, niende zangu nikahojiwe redioni."

Ato aliweka ule waya chini.

"Nilimwahidi mjomba wako," alisema.

Likatoka lote. Kabla hawajarekodi hata mstari mmoja, mjomba wa Mensima, Bwana Kobina Arhin, mkuu wa ukoo na mwenye kauli juu ya nyumba ile, alikuwa amemwita Ato sebuleni. Alimwambia chumba atakitumia, na hata wanawake watatu wa kwaya yake ya Methodisti atamwazima waje kuitikia. Sharti lilikuwa moja. Mpaka nyimbo kumi zitakapokamilika, asimguse mpwa wake na asimtamkie neno la mapenzi. Akivunja, chumba hakuna, na Mensima atarudi kupima yadi. Ato alikuwa amempa mkono.

Nje, upande wa mbele wa nyumba, tayari zilisikika sauti za majirani wanaokuja kupongeza.

"Kwa hiyo mlikaa wanaume wawili," Mensima alisema, "mkapatana juu yangu kama mbuzi wa mnada, na mbuzi hakuulizwa."

"Nilitaka uimbe. Nisingekubali, usingeimba."

"Sawa, hilo nimelimeza. Nyimbo kumi zilikamilika lini?"

"Tarehe tatu."

"Leo tarehe ngapi?"

Ato akageukia begi lake.

"Ishirini na tano. Siku ishirini na mbili, Ato. Ahadi imeisha, mlinzi ameondoka getini, na wewe bado umesimama nje."

"Niliogopa," alisema, na sasa alimtazama. "Nilisema moyoni, albamu ikianguka, nitaendaje kwake, mtu niliyempotezea miezi mitano? Halafu ikapanda. Leo asubuhi nimeona namba moja, nimefurahi hadi nikapiga ukuta kwa ngumi, tazama hapa. Halafu nikasema, sasa nikienda, watu watasema nimengoja apate jina ndipo nimng'ang'anie."

"Ikianguka husemi. Ikipanda husemi. Kwa hesabu yako, siku ya kusema ilikuwa ipi?"

Ato akacheka, cheko fupi la mtu aliyekamatwa, na Mensima naye, ambaye alikuwa amedhamiria kutocheka, akacheka. Alivuka chumba, akaushika ule mkono wenye vidonda kwenye vifundo, akautazama. Ulikuwa mzito na wa moto. Waliusikia wote wawili ule mshtuko, kama nyaya mbili zilizogusana.

"Nakupenda," Ato alisema. "Tangu kwenye ule msiba. Nilikuwa nimekwenda kula wali wa watu, nikatoka sijala."

Mensima hakumjibu kwa maneno. Jibu lake lilichukua muda, na mashati manne ya begini yalikaliwa yakapata makunyanzi. Walipoachana, alikuwa amekumbuka hasira yake tena.

"Twende kwa mjomba," alisema. "Mimi nina maneno naye, na wewe una maneno naye."

Sebule ya Mjomba Arhin ilikuwa imejaa. Alikuwa mstaafu wa reli, mwembamba, shati limepigwa pasi hadi kola inasimama yenyewe. Alipokea pongezi za majirani kwa kichwa tu, lakini redio aliyoiweka juu ya kabati ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho. Mama Baaba naye alikuwa amefika. Alikuwa amefunga duka mchana wa Jumamosi, jambo ambalo lilikuwa halijatokea isipokuwa kwa vifo.

Mjomba alimwona mpwa wake anaingia, akamwona Ato nyuma yake, akaiona mikono yao. Aliwaomba majirani wawaachie nafasi kidogo, akazima redio.

Ato ndiye aliyeanza. Hakukaa. "Mjomba, nyimbo kumi zimeisha. Nimekuja kukuambia kwamba nampenda Mensima, na kwamba nilichelewa kuja."

"Zimeisha siku ishirini na mbili," Mjomba alisema. "Nilikuwa nahesabu. Kila siku nikikuona unapita hapo na gitaa lako, nasema leo atabisha. Hukubisha. Nikasema, vizuri, kijana hakuwa na nia. Nikalala usingizi."

"Mjomba, na mimi ulinihesabia siku ngapi?" Mensima aliuliza. Alikuwa amepanga maneno makali tangu kule chumba cha nyuma, lakini mbele ya yule mzee aliyemlipia ada na kumfundisha kuimba kwa noti, yalimtoka taratibu. Alimwambia kwamba miezi mitano alilala akijiuliza ana kasoro gani. Kwamba alipoimba ule wimbo ambao leo Ghana nzima inauimba, alikuwa analia kwa sababu ya mkataba ambao hakuwahi kuonyeshwa.

Mjomba alivua miwani. "Ulikuwa na miaka minne," alisema. "Baba yako alisema anakwenda Abidjan na bendi, wiki mbili. Gitaa mgongoni, kama huyu. Mimi ndiye niliyempeleka stesheni. Mimi ndiye niliyerudi hapa kila jioni, mwaka mzima, kumkuta mama yako amekaa anatazama lango. Kesho kutwa huyu anakwenda Lagos, sivyo? Habari zinatembea. Miezi miwili, amesema. Unataka nikukabidhi kwa gitaa lingine, Mensima, nirudi tena kutazama lango?"

Ato alikuwa ameinamisha kichwa. Alianza kusema kwamba Lagos anaweza kuiacha, kwamba atapiga simu leo hii awaambie hapana. Mensima alimkatiza.

"Utakwenda. Baba yangu hakukosea kwa kwenda. Alikosea kwa kutorudi."

Ndipo Mama Baaba, ambaye alikuwa hajatia neno, alipoinuka. Alikuwa mwanamke mfupi, na katika nyumba ile hakuwa na desturi ya kumpinga kaka yake mbele ya watu.

"Kaka," alisema, "yule mume aliyeondoka alikuwa wangu. Nimembeba miaka ishirini na tatu na mgongo wangu haujavunjika. Sikuwahi kukuomba unisaidie kumbeba, na huyu mtoto sikumpa hata upande mmoja ashike. Mpokonye huo mzigo. Si wake."

Mjomba Arhin alimtazama dada yake kama aliyekuwa hajamwona kwa miaka. Alipangusa miwani kwa ncha ya shati, shati lile lililopigwa pasi, akaivaa tena, akaipangusa tena. Alipozungumza, alizungumza na Ato, na sauti yake ilikuwa ya mwalimu wa kwaya.

"Katika nyumba hii mwanamume haji kuomba mke huku msichana anamvuta mkono. Anakuja na watu wake, anabisha hodi, ana kinywaji mkononi. Basi lako ni Jumatatu?"

"Jumatatu alfajiri, Mjomba."

"Basi una kesho, baada ya ibada. Usichelewe mara ya pili."

Ato alitoka pale akikimbia, kweli kweli, mtu mzima na urefu wake ule. Watoto wa jirani wakakimbia nyuma yake bila kujua wanakimbilia nini. Shangazi wa Ato kule Saltpond, Ewurama, aliyemlea, alipokea simu akiwa jikoni, na wanasema aliacha chungu motoni.

Mensima hakumwona tena siku ile. Redio mbili za Takoradi zilimchukua mchana, ya tatu ikamchukua jioni. Kila alipotoka alikuta watu wamesimama nje wakitaka aimbe, naye akaimba, barabarani, bila maiki, mara tano, mara nane. Jumapili alipoamka, albamu ilikuwa imepanda hadi namba moja Nigeria na namba tatu Ivory Coast, na yeye hakuwa na sauti kabisa. Alimwambia mama yake habari za asubuhi, kikatoka kitu kama upepo kwenye tundu la ufunguo. Mama Baaba alimpa tangawizi na asali, akamnyang'anya simu iliyokuwa ikiwaka kila nukta, akaitia kwenye kapu la vitunguu.

Watu wa Ato walibisha kwa Mjomba Arhin saa nane mchana. Shangazi Ewurama alitangulia na kilemba kikubwa kama taji, baba mkubwa wa Ato nyuma yake akiwa amekumbatia chupa mbili za pombe kali ya hodi, na Ato nyuma kabisa, amenyoa, amevaa joho, hajui aweke wapi mikono.

"Tulikuwa tunapita zetu," Shangazi Ewurama alisema alipokwisha kukaa, "tukasikia sauti kwenye kila dirisha kutoka Saltpond hadi hapa. Kijana wetu hali, halali. Tukasema tuulize, sauti hii inakaa nyumba ipi?"

"Nyumba hii ina sauti nyingi," Mjomba Arhin alijibu. "Mimi mwenyewe ni besi. Labda mnanitafuta mimi."

Watu walicheka hadi viti vikalia. Mensima aliitwa kutoka chumbani. Alisimama katikati ya sebule, na mjomba wake akainyooshea kidole chupa ya kwanza, akauliza kama mila inavyotaka: kinywaji hiki, wakipokee?

Mensima alitikisa kichwa kukubali.

"Mimi sioni, nasikia," Mjomba alisema. "Wanigeria wamekusikia. Abidjan wamekusikia. Mjomba wako utanitikisia kichwa?"

Alijaribu. Ulitoka ule upepo wa tundu la ufunguo. Shangazi Ewurama akaweka mkono sikioni kwa madaha, na watu wakazidi kucheka. Mjomba aliuliza mara ya pili. Safari hii lilitoka neno, limepasuka katikati kama chungu. Ato alikuwa amesogea hadi ukingo wa kiti, pumzi ameishika.

"Mara ya tatu," Mjomba alisema, na sasa hakuna aliyecheka. "Mensima, mwanangu. Nauliza wewe, na hakuna mwingine ninayemuuliza. Tukipokee?"

"Kipokeeni," Mensima alisema.

Ilikuwa sauti mbaya kuliko zote alizowahi kutoa, kavu, yenye mikwaruzo, na ilifika hadi uani. Vigelegele vikapaa.

Mkuu wa ukoo ndiye apokeaye chupa. Mjomba Arhin aliipokea kutoka kwa baba mkubwa wa Ato, akaishika kidogo. Kisha akageuka, akamwekea dada yake mikononi. Mama Baaba aliolewa kwa kutoroka, na katika maisha yake hakuna mtu aliyewahi kumbishia hodi. Aliikumbatia ile chupa kifuani, baridi yake ikapenya gauni, akawatazama wageni mmoja mmoja hadi akamfikia yule kijana mrefu aliyevaa joho.

"Ukienda Lagos," alimwambia, "utatupigia simu kila Jumapili. Sasa njooni mezani, chakula kinapoa."